Kura ya Wabunge na Kiti cha Rais: Burundi, 1994 hadi 2021

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1993, askari waliizingira Ikulu ya Bujumbura kwa magari ya deraya. Siku hiyo hiyo Rais Melchior Ndadaye aliuawa kambini, miezi mitatu na siku chache tu tangu aapishwe. Hakufa peke yake. Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, aliuawa. Naibu Spika, Gilles Bimazubute, naye aliuawa. Katiba ya Burundi ya mwaka 1992 ilisema kiti cha Rais kikibaki wazi, Spika ndiye atakayekikaimu. Kwa hiyo waliofanya mauaji yale walimwondoa Rais, kisha wakamwondoa aliyetajwa na sheria kumpokea, kisha wakamwondoa na msaidizi wake.

Nchi ikimpoteza rais namna hiyo, huku vijiji vinawaka na hakuna anayeweza kupanga foleni kituoni, nani amchague mwingine? Burundi ililijibu swali hilo mara mbili kwa kuwakabidhi wabunge karatasi za kura: Januari 1994 na Agosti 2005. Kura ya kwanza ilimpata rais aliyeishi miezi miwili tu madarakani. Ya pili ilisaidia kumaliza kipindi kirefu cha vita, lakini miaka kumi baadaye ikawa ndiyo hoja iliyowarudisha watu barabarani na kambini. Kwa msomaji wa Kiswahili habari hizi si za mbali. Amani ya Burundi ilijadiliwa Arusha, mkataba na waasi ukatiwa saini Dar es Salaam, na waliokimbia walipokewa Kasulu, Kibondo na Kakonko.

Ni vyema kwanza kuelewa kilichopotea mwaka 1993. Tarehe 1 Juni mwaka huo Warundi walikuwa wamemchagua rais wao kwa kura huru kwa mara ya kwanza. Ndadaye wa chama cha FRODEBU alipata karibu asilimia 65, akamshinda Pierre Buyoya, meja aliyetwaa nchi kwa mapinduzi mwaka 1987. Buyoya alikubali kushindwa. Mwishoni mwa mwezi huo huo FRODEBU ikachukua viti 65 kati ya 81 vya Bunge, na UPRONA, chama cha Buyoya, ikabaki na 16. Ndadaye alikuwa Mhutu wa kwanza kuiongoza nchi ambayo jeshi lake lilikuwa la Watutsi karibu lote, na alijua uzito wa jambo hilo: alimteua Sylvie Kinigi, mwanamke Mtutsi wa UPRONA, kuwa Waziri Mkuu. Alipouawa, Kinigi na mawaziri waliosalia walijificha katika Ubalozi wa Ufaransa na kujaribu kuendesha serikali wakiwa humo. Vijijini, Watutsi waliuawa na majirani zao. Jeshi nalo likawaua Wahutu kulipiza kisasi. Mamia ya maelfu walivuka mipaka.

Katika hali hiyo sheria ilikuwa imefungwa pande zote. Katiba ilitaka uchaguzi wa wananchi ufanyike ndani ya miezi michache. Lakini uchaguzi gani, na wapigakura wako makambini Tanzania, Rwanda na Zaire? Mwezi Desemba Bunge lilimchagua Spika mpya, Sylvestre Ntibantunganya, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na ambaye mkewe aliuawa usiku ule ule wa mapinduzi. Mapema Januari 1994 wabunge waliibadili Ibara ya 85 ya Katiba, wakajipa wenyewe mamlaka ya kumchagua Rais. Tarehe 13 Januari walipiga kura. Cyprien Ntaryamira, Waziri wa Kilimo, alipata kura 78 kati ya 79.

Idadi hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. FRODEBU peke yake isingeweza kuifikisha. Wabunge wa UPRONA nao walimpigia Ntaryamira. Watu ambao wafuasi wao walikuwa wakichinjana vilimani waliingia ukumbi mmoja wakakubaliana jina moja. Ni tendo la ujasiri ambalo vitabu vya historia ya kanda hii havijalipa nafasi ya kutosha.

Na bado halikutosha. Vyama vidogo vya upinzani vilipinga mabadiliko ya Katiba, mvutano wa kisheria ukachelewesha kiapo hadi tarehe 5 Februari. Jeshi lililomuua Ndadaye lilibaki vile vile, kambi zile zile, makamanda wale wale kwa sehemu kubwa. Tarehe 6 Aprili Ntaryamira alihudhuria mkutano wa marais wa kanda Dar es Salaam. Jioni alipanda ndege ya mwenzake wa Rwanda, Juvénal Habyarimana, na ndege hiyo ikatunguliwa ilipokuwa inakaribia kutua Kigali. Dunia inalikumbuka tukio hilo kwa sababu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda yaliyoanza usiku ule. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Burundi ilipoteza rais wa pili ndani ya miezi sita.

Ntibantunganya, akiwa Spika, akakaimu urais. Vyama vikajadiliana kwa miezi, mwezi Septemba vikatia saini mkataba wa kugawana serikali, na Oktoba 1994 akathibitishwa kuwa Rais. Tarehe 25 Julai 1996 Buyoya akarudi kwa mapinduzi mengine. Viongozi wa kanda, Julius Nyerere akiwa msuluhishi wao, wakaiwekea Burundi vikwazo vya biashara kutoka mkutano wa Arusha.

Kwa hiyo kura ya Januari 1994 haikushindwa kwa sababu ilikuwa ya wabunge. Ilishindwa kwa sababu haikuwa na makubaliano chini yake. Kiti kilipata mwenyewe, lakini swali la nani ana bunduki, nani anamwogopa nani, na nani atamlinda aliyeshindwa, halikuguswa hata kidogo.

Arusha ndiko lilikoguswa. Mazungumzo yalianza humo Juni 1998 chini ya Nyerere, yakaendelea baada ya kifo chake Oktoba 1999, na Nelson Mandela akayafikisha kwenye saini tarehe 28 Agosti 2000. Yalikuwa mazungumzo marefu, yenye kuchosha, na pande kumi na tisa mezani. Wapo waliolalamika kwamba wanasiasa wanakula posho huku watu wanakufa. Lakini urefu ule uliandaa njia ya mambo ambayo Bunge la 1994 lisingeweza kuyapata kwa siku chache: jeshi ambalo hakuna kabila linalozidi nusu yake, Bunge lenye asilimia 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi, viti vitatu vya Watwa, na wanawake wasiopungua asilimia 30, na kipindi cha mpito cha miaka mitatu, nusu ya kwanza akiongoza Buyoya, nusu ya pili Domitien Ndayizeye. Novemba 2003 kundi kubwa la waasi, CNDD-FDD, likatia saini Dar es Salaam na kuingia serikalini.

Ni huko Arusha pia ambako waliosuka mkataba waliamua jambo ambalo kwa wengi lilionekana dogo. Rais wa kwanza baada ya mpito hatachaguliwa na wananchi. Atachaguliwa na Bunge na Seneti katika kikao cha pamoja, kwa theluthi mbili.

Sababu yake ilikuwa ya kueleweka. Kura ya moja kwa moja ya 1993 ilikuwa imegeuka, machoni pa wengi, sensa ya makabila, na upande ulioshindwa ukajibu kwa risasi. Sharti la theluthi mbili ndani ya Bunge lililopangwa kwa uwiano lilimlazimisha mgombea atafute kura nje ya kundi lake. Hakuna aliyeweza kuupata urais kwa kabila moja wala kwa chama kimoja. Rais huyo wa kwanza alinyimwa pia uwezo wa kulivunja Bunge lililomchagua.

Utaratibu ulifuatwa hatua kwa hatua. Februari 2005 Katiba mpya ilipitishwa kwa kura ya maoni, zaidi ya asilimia 90 wakisema ndiyo. Julai ukaja uchaguzi wa Bunge, kisha wa Seneti. CNDD-FDD ilishinda, lakini haikuwa na theluthi mbili peke yake. Tarehe 19 Agosti 2005 wabunge na maseneta walikutana, mgombea akiwa mmoja tu, Pierre Nkurunziza wa CNDD-FDD. Zilipigwa kura 162, alipata 151.

Aliyechaguliwa alikuwa mtoto wa mbunge aliyeuawa katika mauaji ya Wahutu ya 1972. Alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya kuingia msituni katikati ya miaka ya 1990. Waliompigia kura ni pamoja na watu ambao yeye na wapiganaji wake walikuwa wakipambana nao miaka miwili tu nyuma. Aliapishwa tarehe 26 Agosti, na siku hiyo hiyo akatangaza kwamba elimu ya msingi haitakuwa na ada. Watoto walifurika madarasani kuliko madawati yaliyokuwapo. Vita vilivyoua watu wapatao 300,000 vilikuwa vinakwisha, na kura ile ya wabunge ilikuwa sehemu ya namna vilivyokwisha. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu yaliyofuata yamewafanya wengi walisahau.

Yaliyofuata yalitokana na maandishi. Mkataba wa Arusha ulisema kwa maneno yasiyo na utata kwamba Rais atakaa miaka mitano, inayoweza kurudiwa mara moja tu, na kwamba hakuna mtu atakayetumikia zaidi ya mihula miwili. Katiba ya 2005 ililigawa jambo hilo sehemu mbili zilizokaa mbali. Ibara ya 96 ilisema Rais huchaguliwa na wananchi moja kwa moja kwa muhula wa miaka mitano unaorudiwa mara moja. Ibara ya 302, huko mwishoni kwenye masharti ya mpito, ikasema kwamba Rais wa kwanza, kama jambo la pekee, atachaguliwa na wabunge na maseneta. Ile sentensi ya Arusha isemayo hakuna mtu atakayetumikia zaidi ya mihula miwili haikuwekwa. Hakuna aliyeandika kama muhula uliotokana na wabunge unahesabika pamoja na ile ya wananchi au la. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ulikaa miaka kumi mbele ya macho ya watu bila mtu kuutia udongo.

Lilikuwa jambo linaloandikika. Katiba ya Tanzania inasema Makamu wa Rais akirithi urais na kuutumikia kwa muda usiofika miaka mitatu, anaweza kugombea mara mbili. Ukifika miaka mitatu au zaidi, mara moja tu. Ndiyo maana Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, baada ya kifo cha John Magufuli, hapakuwa na fumbo kuhusu idadi ya mihula yake. Afrika Kusini, ambako Rais huchaguliwa na Bunge kila mara, Katiba inaweka ukomo wa mihula miwili na kueleza kwamba kipindi cha kujaza nafasi iliyoachwa wazi hakihesabiwi kuwa muhula. Mawakili wa Arusha walikuwa na mifano ya kutosha mezani. Mmoja wa wasuluhishi wao wakuu, Mandela, alitoka Afrika Kusini yenyewe.

Mwaka 2010 swali lilikuwa bado limelala. Wapinzani walisusia uchaguzi wa Rais kwa madai ya udanganyifu katika kura za mitaa, na Nkurunziza akashinda peke yake kwa zaidi ya asilimia 91. Huo ulikuwa muhula wake wa pili madarakani, wa kwanza kwa kura ya wananchi.

Likaamka mwaka 2014, na aliyeliamsha ni chama chake mwenyewe. Serikali ilipeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba ambao ungemfungulia njia ya kugombea tena. Zilihitajika kura 85 kati ya 106. Tarehe 21 Machi zilipatikana 84.

Kura moja! Bunge lile lile, ambalo CNDD-FDD ilikuwa na wingi mkubwa kwa sababu ya kususia kwa wapinzani, lilikataa kwa kura moja. Baadhi ya wabunge wa UPRONA walisimama imara, na hakuna shinikizo lililowageuza. Mtu akitaka kujua Warundi walivyoielewa Katiba yao wenyewe, jibu limo katika tukio hilo. Kama Nkurunziza alikuwa na haki ya kugombea kwa maandishi yaliyokuwapo, serikali isingekuwa na sababu ya kuomba yabadilishwe. Na walipoombwa wabunge wakakataa, taasisi iliyompa Nkurunziza muhula wake wa kwanza ilikuwa imetoa jibu lake.

Jibu hilo lilirukwa. Tarehe 25 Aprili 2015 chama kilimtangaza kuwa mgombea, na kesho yake vijana wa Musaga, Nyakabiga, Cibitoke na Ngagara, mitaa ya Bujumbura, wakaingia barabarani. Polisi walijibu kwa risasi. Seneti ikapeleka swali kwenye Mahakama ya Katiba, na mapema Mei majaji wakasema kwamba muhula wa Ibara ya 302 ni wa pekee, hauhusiani na hesabu ya Ibara ya 96. Makamu wa Rais wa Mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, hakuweka saini yake. Alikimbilia Rwanda na kueleza kwamba majaji walishinikizwa na kutishwa. Tafsiri ile, mtu akiisoma kwenye karatasi tu, haikosi mantiki, maana maneno ya Ibara ya 96 yanataja kura ya wananchi moja kwa moja. Lakini inaifanya kura ya Agosti 2005 kuwa kitu kisicho na uzito: miaka mitano ya utawala kamili, yenye jeshi, bajeti na sheria, ikaambiwa haikuwa muhula. Wabunge na maseneta waliokaa ukumbini siku ile hawakuwa wakimchagua kaimu.

Tarehe 13 Mei Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioitishwa kwa ajili ya nchi yake, Meja Jenerali Godefroid Niyombare alipotangaza redioni kwamba amempindua. Jaribio lilishindwa ndani ya siku mbili. Redio huru zikachomwa na kufungwa. Watu wakakimbia, na wengi wao walikimbilia Tanzania.

Ufukwe wa Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, uliwapokea makumi ya maelfu ndani ya wiki chache. Hakuna barabara ya maana ya kutoka hapo. Njia ni maji. Kipindupindu kiliingia. Meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawabeba kwenda Kigoma, mamia kwa kila safari, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, na baadaye kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena. Zaidi ya watu 400,000 waliondoka Burundi katika miaka iliyofuata. Wapo waliokuwa wakikimbia kwa mara ya tatu maishani: 1972, 1993 na sasa. Wengi wao hawakuwahi kuisoma Ibara ya 96 wala ya 302, lakini ndio waliolipa gharama ya pengo lililokuwa kati ya hizo mbili.

Nkurunziza alitangazwa mshindi Julai 2015 kwa asilimia 69. Usuluhishi wa Yoweri Museveni, kisha wa Benjamin Mkapa, haukuzaa makubaliano. Mei 2018 kura ya maoni ilileta Katiba mpya yenye muhula wa miaka saba. Safari hii Nkurunziza hakugombea. Chama kilimsimamisha Évariste Ndayishimiye, akashinda Mei 2020. Tarehe 8 Juni, kabla ya makabidhiano, Nkurunziza akafariki ghafla. Kwa mara nyingine kiti kikawa wazi na swali la urithi likazuka: Spika akaimu, au aliyechaguliwa aapishwe mapema? Mahakama ya Katiba iliamua ndani ya siku chache kwamba Ndayishimiye aapishwe, na tarehe 18 Juni akaapa. Mara hii hakuna risasi iliyopigwa kwa sababu ya kiti.

Wakati huo wote shauri moja lilikuwa linapanda na kushuka ngazi za Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha. Jukwaa la asasi za kiraia za Afrika Mashariki lilikuwa limeifikisha Burundi mbele ya mahakama hiyo mwaka 2015, likidai kwamba uamuzi wa Mahakama ya Katiba umeuvunja mkataba wa Jumuiya, unaozitaka nchi wanachama kuheshimu utawala wa sheria. Kitengo cha awali kililitupa. Waleta shauri walikata rufaa, na tarehe 25 Novemba 2021 Kitengo cha Rufaa kikakubaliana nao: muhula wa tatu ulikuwa kinyume cha sheria. Nkurunziza alikuwa kaburini zaidi ya mwaka mmoja, na Katiba iliyobishaniwa ilikuwa imeshafutwa.

Zaidi ya miaka sita kwa shauri la namna hii ni muda usiovumilika. Mkenya anajua kwamba Mahakama ya Juu ya nchi yake hupewa siku 14 kuamua pingamizi la uchaguzi wa Rais, na mwaka 2017 siku hizo zilitosha kuufuta uchaguzi. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina muda wa namna hiyo kwa mashauri yanayohusu nani anaruhusiwa kugombea, na inauhitaji sasa kuliko wakati wowote. Tangu 2024 Somalia ni mwanachama wake, nchi ambayo Rais wake, Hassan Sheikh Mohamud, alichaguliwa na wabunge Mei 2022 kwa kura 214 dhidi ya 110, ndani ya eneo la uwanja wa ndege wa Mogadishu lililolindwa na askari wa Umoja wa Afrika, baada ya mwaka mzima wa mabishano juu ya muhula uliokwisha bila uchaguzi.

Burundi yenyewe itamchagua Rais tena mwaka 2027, kwa kura ya wananchi. Katiba ya 2018 inakataza mtu kutumikia zaidi ya mihula miwili mfululizo, ya miaka saba kila mmoja. Haisemi lolote juu ya mtu atakayeimaliza miwili, akae pembeni, kisha arudi kugombea.